Nilibadili kozi kabla sijaingia darasani: yale ambayo ningependa kuambiwa mapema

Nilithibitisha nafasi yangu ya chuo kikuu nchini Marekani siku chache kabla ya Mei 1, tarehe ambayo vyuo vingi vya huko hutaka jibu la mwanafunzi. Kwenye fomu nilikuwa nimejaza uhandisi wa mitambo. Kufikia Juni usingizi ulikuwa umenipaa. Safari haikunitisha. Kilichonikosesha raha ni kwamba kila nilipojiwazia mwaka wa tatu, nikichora na kupima vipuri vya mashine, sikuona hamu yoyote ndani yangu.

Miezi ile nilikuwa najitolea kwenye kliniki, kazi yangu kuingiza kadi za chanjo za watoto kwenye kompyuta. Bila kutumwa na mtu nilianza kuhesabu: watoto gani wanakosa dozi ya pili, wanatoka umbali gani, walizaliwa mwezi gani. Wenzangu walipoondoka jioni mimi nilibaki. Muuguzi mkuu akaniuliza siku moja, "Mwanangu, hivi wewe unaenda kusomea nini?" Nikamjibu uhandisi, na sauti yangu mwenyewe ilinishtua kwa jinsi ilivyokuwa baridi. Moyo wangu ulikuwa umeshahamia takwimu.

Kama nawe umeshapata nafasi na moyo umehama, fungua tovuti ya chuo leo hii usome mpangilio wa masomo wa kozi zote mbili, ile uliyopewa na ile unayoitamani. Mwaka wa kwanza usikupotezee muda, maana huko kozi nyingi zinafanana: hisabati, uandishi, sayansi za utangulizi. Nenda mwaka wa tatu. Huko ndiko uhandisi wa mitambo unapokuwa termodinamiki (sayansi ya joto na nishati) na mwendo wa vimiminika, na takwimu inapokuwa nadharia ya uwezekano, rigresheni (kupima jinsi jambo moja linavyohusiana na jingine) na upangaji wa tafiti. Soma maelezo ya somo moja moja, kisha jiulize lipi ungelisoma hata kama halina mtihani. Mimi kwenye orodha ya uhandisi nilipata mawili. Kwenye takwimu yalikuwa mengi hadi nikaacha kuhesabu.

Zoezi hilo pia litakuonyesha kama unakimbia kitu. Wapo wanaobadili kwa sababu wamesikia somo fulani linafelisha watu, wakahamia kozi ambayo nayo inalidai somo lilelile. Kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, utaikuta uhandisi, utaikuta takwimu, utaikuta uchumi kwenye vyuo vingi. Kama ni yenyewe unayoikimbia, afadhali uitafutie msaada wa kuielewa kuliko kubadili jina la kozi.

Baba yangu alikwenda moja kwa moja hapo. Nilimsubiri amalize chakula, nikamwambia, "Baba, nina jambo kuhusu masomo, naomba unisikilize hadi mwisho." Akanyamaza muda, kisha akauliza, "Hisabati imekushinda?" Sikukasirika, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Nilikuwa nimechapisha zile orodha mbili, tukazipitia mstari kwa mstari, yeye akiwa na kalamu. Alipoona takwimu ina hisabati zaidi ya alivyodhani, uso wake ukalegea. Nilimwonyesha pia tarakimu za Wizara ya Elimu ya Marekani zilizotolewa mwaka 2017: kati ya wanafunzi walioanza chuo mwaka wa masomo 2011/12 na kuchagua kozi, karibu asilimia 30 walikuwa wameibadili angalau mara moja ndani ya miaka 3. Hao walibadili wakiwa tayari wamelipia masomo. Mimi nilikuwa sijalipia hata moja.

Zungumza na wazazi kabla ya kukiandikia chuo. Nimeona wenzangu waliofanya kinyume, na jeraha lile lilikaa nyumbani kwao kwa miaka.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: kuhama si kwepesi sawasawa pande zote. Kutoka kozi inayogombaniwa kwenda isiyogombaniwa, mara nyingi ni barua pepe moja. Kurudi ndiko kugumu. Katika University of Washington, kwa mfano, wengi wa wanaosoma sayansi ya kompyuta huchaguliwa moja kwa moja wanapotoka sekondari, na anayetaka kuingia baadaye hukuta nafasi ni chache mno. Uuguzi na baadhi ya idara za uhandisi zina utaratibu kama huo katika vyuo vingi. Kwa hiyo kabla ya kuachia nafasi yako, uliza kwa maandishi: nikitaka kurudi mwaka ujao, masharti ni yapi? Kama jibu ni kwamba hakuna kurudi, hiyo haimaanishi usihame. Inamaanisha ujipe wiki mbili zaidi za kufikiri.

Sasa niseme kosa langu, ambalo bado linaniuma. Niliiandikia ofisi ya udahili nikiomba kuhamia takwimu, wakanijibu ndani ya siku tatu kwamba imekubaliwa. Nilifurahi. Wiki iliyofuata ikaja taarifa ya ada, na sehemu ya ufadhili wangu haikuwemo. Ufadhili ule ulitolewa na kitivo cha uhandisi kwa wanafunzi wa uhandisi, na barua yao ilisema hivyo aya ya nne. Nilikuwa nimeisoma barua ile mara kumi kwa furaha na sikuwahi kuisoma mara moja kwa makini. Ilibidi niombe kazi ya maktaba muhula mzima ili kuziba pengo. Wewe anza na ofisi ya fedha. Waulize ni kiasi gani kinatoka chuoni kwa jumla na kiasi gani kimefungwa na kitivo, na uwaombe wakujibu kwa barua pepe.

Kwa anayetoka nje ya Marekani kuna karatasi moja zaidi, fomu ya I-20, ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni kwa ajili ya viza. Kozi yako imeandikwa humo. Ukibadili, mwambie mshauri wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chako arekebishe kumbukumbu na akutolee fomu mpya, usafiri nayo hiyo. Angalia pia kozi mpya imewekwa kundi gani, kwa sababu ukishahitimu unaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwa miezi 12, na kozi zilizo kwenye orodha ya serikali ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati zinaweza kuongezewa miezi 24, kwa kanuni ya mwaka 2016. Uhandisi wa mitambo umo, takwimu nayo imo. Kozi mbili zenye majina yanayokaribiana zinaweza kutofautiana hapo, kwa hiyo mwulize mshauri msimbo wa kozi, yaani namba inayoitambulisha, usitegemee jina.

Na kama hadi Julai bado umegawanyika, basi panga muhula wa kwanza usiofunga njia. Shahada ya kwanza huko kwa kawaida ni krediti 120 (vipimo vya uzito wa masomo), yaani kama 15 kila muhula kwa mihula 8, na sehemu kubwa ya mwanzo ni masomo ya jumla ambayo kila mtu anayahitaji. Ukichukua kalkulasi, uandishi na somo moja la sayansi, kozi nyingi za sayansi zitabaki ndani ya uwezo wako. Kinachoumiza ni kuiacha kalkulasi muhula wa kwanza kisha kugundua kwamba masomo matano yanaisubiri.

Mimi Agosti nilijiandikisha kalkulasi, utangulizi wa takwimu, uandishi, na fizikia. Fizikia niliibakiza kwa makusudi. Ilitimiza sharti la sayansi kwenye takwimu, na kama ningejikuta nimekosea ningekuwa bado na mguu mmoja uhandisini. Usiku ule nilimtumia baba picha ya ratiba. Akapiga simu badala ya kuandika, akaniuliza kalkulasi ni siku gani na saa ngapi, akaniambia nisubiri kidogo anatafuta kalamu.