Hema la gramu 640 na usiku niliolala nimekaa

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nitajie hema la mtu mmoja, jepesi, la jua na la mvua, lisivuke kilo moja. Jina tu, maelezo sitaki." Nimeanza kumjibu mara tatu, na mara tatu nimefuta. Jina ningeweza kumpa. Shida ni kwamba miaka minne iliyopita na mimi niliomba jina tu, nikapewa, nikanunua, na hilo jina likanikalisha macho mlimani hadi kunapambazuka. Kwa hiyo atanisamehe, maelezo atayapata.

Nianze na aibu yangu. Wakati ule nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa wa gramu, na nyie mnaobeba nyumba mgongoni mnaujua. Nilikuwa na daftari la kuandika uzito wa kila kinachoingia begini, soksi kwa soksi. Nilitoboa mpini wa kijiko matundu ili kipungue gramu mbili. Hema langu la zamani lilikuwa na kilo mbili na ushei, na kila nikilitazama naona kama nabebeshwa mzigo wa mtu mwingine. Ndipo nikaoneshwa hili jipya: ukuta mmoja, yaani tabaka moja tu la kitambaa kati yako na mvua, nailoni iliyopakwa silikoni, halina nguzo zake lenyewe, linasimama juu ya fimbo moja ya kutembelea. Gramu 640. Muuzaji akaniambia mishono imeshamalizwa kuzibwa, niingie nalo njiani moja kwa moja. Nikamwamini, maana nilitaka kumwamini.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa nyota. Nilipiga picha, nikaringa nazo. Wa pili sina la kusema. Wa tatu ndio wenyewe.

Nilikuwa juu ya mgongo wa mlima, mahali peupe. Saa kumi jioni jua, saa kumi na moja ukungu, saa moja usiku mvua inakuja kwa ubavu. Udongo pale ulikuwa utandu tu juu ya jiwe: kigingi kinazama vidole vinne, kinagota. Hema lenye nguzo zake, lile linalojisimamia, lingevumilia hali hiyo. Langu lilikuwa linasimamishwa na vigingi. Kigingi kikitoka, nyumba imetoka. Nikapanga mawe juu yake, nikajipa moyo, nikaingia.

Halafu nailoni ikafanya kazi yake. Nailoni ikilowa hulegea. Ukuta niliouacha umewambwa kama ngoma saa moja, ilipofika saa nne ulikuwa umebonyea ndani na kulalia mfuko wangu wa kulalia. Kuukaza upya lazima utoke nje. Nilitoka mara mbili. Mara ya pili vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na kile kikazio cha kamba, kiplastiki cheusi kidogo kuliko punje ya haragwe, nilikuwa nakishika bila kukihisi. Mwishowe niliivuta kamba kwa meno. Ndani nako pumzi yangu ilikuwa inagota kwenye kitambaa baridi na kugeuka matone, na upepo ukiupiga ukuta matone yananinyunyizia usoni. Kwenye mshono wa juu, ule "uliomalizwa", maji yalikuwa yanatembea na uzi, yanasita kidogo pale mshono unapopinda, halafu yanadondoka. Tone. Kimya. Tone. Palepale, juu ya goti la kushoto. Nikategesha soksi, ikajaa, nikaikamua, nikaitegesha tena.

Saa tisa na dakika kumi kigingi cha upande wa upepo kikang'oka, fimbo ikaniangukia, na hema zima likanigandama mwilini. Sikulisimamisha tena. Nilikaa kitako juu ya godoro, nimejitanda hema kama shuka, nimeikamata fimbo wima katikati ya magoti kwa mikono miwili, nasubiri mwanga.

Kulipokucha, hatua kama 30 kutoka nilipokuwa, jamaa mmoja akafungua zipu ya hema moja kubwa la kizamani, akatoka mkavu, akajinyoosha. Akanitazama. "Hilo lina gramu ngapi?" Nikamwambia. Alicheka mpaka akashika kiuno, na mchana nikamsikia anawasimulia wengine njiani. Huwa nasema nimeshamsamehe, lakini nikiwa napigilia vigingi bado namsikia.

Sasa turudi kwa msomaji wangu na kilo yake moja.

Kwanza, kilo ipi? Uzito unaoandikwa kwenye hema mara nyingi ni wa kitambaa na nguzo tu. Langu la 640, nilipolipima nyumbani baada ya ile fedheha, pamoja na vigingi vinane, kamba za ziada, kitandiko cha chini na silikoni niliyopaka kwenye mishono, lilifika 910. Na bado sijaihesabu fimbo, kwa sababu nilikuwa najidanganya kwamba fimbo naibeba kwa ajili ya kutembelea. Ukitaka kulinganisha mahema mawili, weka kwenye mizani kila kitu ambacho bila hicho hulali mkavu.

Mishono ndiyo iliyoniuma zaidi kwa sababu ni jambo dogo. Nailoni iliyopakwa silikoni pande zote mbili haishiki tepe ya mishono, kwa hiyo mishono yake huzibwa kwa mkono: silikoni iliyolainishwa, brashi ndogo, jioni moja, na usiku mzima wa kukauka. Kuna watengenezaji wanaokufanyia kazi hiyo na kuna wasiofanya. Uliza, na hata ukijibiwa ndiyo, lilowanishe mwenyewe kabla hujaondoka. Mimi niliamini mdomo wa mtu.

Kuhusu kitambaa chenyewe, kuna njia tatu kubwa. Nailoni yenye silikoni ni nyepesi, ni imara kwa mvuto, inakunjika ikawa kidogo, ila inalegea ikilowa kama nilivyosimulia. Poliesta yenye silikoni hailegei kiasi hicho, na jua linaichosha polepole kuliko nailoni. Ukilinganisha zenye uzito sawa, nailoni ndiyo ngumu zaidi kuchanika. Halafu kuna Dyneema ile ya matabaka, kitambaa cha nyuzi imara zilizobanwa kati ya tabaka za plastiki, inayoonyesha nyuzi zake ukiiinua kwenye mwanga. Hainywi maji, hailegei, na hema lake la mtu mmoja linaweza kuwa chini ya gramu 600. Bei yake inauma, haipendi kusuguliwa wala kutobolewa, na haikunjiki ikawa ndogo kama unavyotarajia. Mimi nimeishia kwenye poliesta. Hali ya hewa ikiwa kigeugeu, sitaki kitambaa kinachonitoa nje saa nne za usiku kwenda kukaza kamba.

Zile namba za milimita zinazoandikwa kwenye hema zisikutishe. Zinaeleza urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaibeba kabla hakijaanza kupitisha. Paa la milimita 1,200 hadi 3,000 linatosha mvua nyingi. Sakafu inataka zaidi, kwa sababu goti lako likikandamiza ardhi iliyolowa linasukuma maji kuliko mvua inavyosukuma. Watu wanalumbana sana juu ya namba hizi. Mimi usiku ule nililowa kwa mshono na kwa pumzi. Kitambaa hakikupitisha hata tone.

Pumzi ndiyo mada wanayoiruka wauzaji wote. Kuta mbili maana yake ni chumba cha neti au kitambaa chepesi ndani, na ganda la kuzuia mvua nje. Matone yanajikusanya kwenye ganda, wewe unabaki upande wa pili. Unalipia gramu 200 au 300 zaidi, na zilipe. Ukuta mmoja unafaa mahali pakavu penye upepo. Lakini mchana wa mvua ukifuatwa na usiku wa baridi usio na mawingu, hapo ukuta mmoja unakuwa bomba la kunyunyizia. Usilale bondeni kabisa wala kando ya kijito: hewa baridi hushuka na kutuama huko, na umande unakuwa mzito. Panda kidogo, hata mita chache. Chini ya miti umande hupungua, ila inua kichwa kwanza utazame kama hakuna tawi kavu linalokungoja. Na acha madirisha wazi hata kukiwa na baridi. (Kuna wanaofunga kila kitu kisha wanawasha jiko ndani wapate joto. Hao siwashauri kuhusu hema, nawaomba waache. Moshi usioonekana wala kunuka huua.)

Jambo jingine lililonigharimu: hema lijengwe kuanzia ganda la nje. Mengi huanza na chumba cha ndani, kwa hiyo kwenye mvua unasimamisha bwawa halafu ndiyo unalifunika. Ganda kwanza, kisha unaingia chini yake na kuning'iniza chumba ukiwa umeshakaa pakavu.

Turubai tupu? Ndiyo, lina gramu 300 hivi, na anayelijua kulifunga hulala vizuri kuliko mimi. Lakini huyo hahitaji kuniandikia. Mfuko wa kujifunika usiopitisha maji unafaa usiku mmoja wa dharura. Siku tatu za mvua bila mahali pa kukaa kitako zitakuvunja roho. Kitanda cha kuning'iniza ni raha penye miti, na kule juu palipoishia miti ni mzigo.

Nawaomba jamani, lalieni hema kabla hamjalilipia, au siku ya kwanza mnapoweza kulirudisha. Lala humo na godoro lako na mfuko wako uliojaa hewa. Godoro la kupuliza linakuinua sentimita 7 au 8, na kwenye hema lenye kuta za mteremko hizo ndizo zinazogusisha pua na vidole vya miguu kwenye ukuta uliolowa. Mimi nina urefu wa sentimita 183. Lile hema liliandikwa "hadi 190", na labda walipima mtu aliyelala chini bila godoro, tena kajikunja.

Kisha lijengeni usiku. Taa imezimwa, mvua inanyesha, glavu zilizolowa mkononi. Usiponiamini hili, basi yote niliyoandika ni porojo. Watu wanatumia miezi mitatu kusoma kuhusu kitambaa na hawatoi nusu saa kulisimamisha gizani. Unajivunia wepesi wa mgongo wakati mikono yako haijui chochote! Nasema kwa ukali kwa sababu najisema mwenyewe.

Nimetoka mlimani Jumapili iliyopita, siku nne. Hema langu sasa lina kilo 1 na gramu 80, kila kitu kimehesabiwa: kuta mbili, poliesta, fimbo mbili, vigingi kumi, na sita kati yake ni vile vyenye ubapa wa pande tatu vinavyoshika udongo. Nililielekeza upande mwembamba kwenye upepo. Usiku wa pili upepo ukageuka, ukaja ubavuni, mvua juu yake. Nilitoka mara moja tu, nikafupisha fimbo zote mbili kama upana wa kiganja ili ganda lishuke karibu na ardhi, nikafunga kamba mbili za ubavuni nilizokuwa nimezitayarisha mapema, zenye vikazio vikubwa vya kushikika kwa glavu. Dakika sita. Nikarudi ndani, nikalala mpaka jua limeninyooshea kidole. Hapakuwa na mtu wa kuniona, na hilo lilinikera kidogo.

Msomaji amejibu jana usiku. Anasema kilo 1 na gramu 80 ni nyingi, kisha anauliza kama lile la 640 bado ninalo na kama naliuza. Ninalo, ila siliuzi. Nimelikata sakafu yake, nikaipunguza kiganja kimoja kila upande ili isichungulie nje ya ganda na kukusanya maji ya mvua, na ndiyo kitandiko cha hili jipya. Kila nikisafiri naligeuzia mgongo na kulilalia.