Anza na hatari inayoweza kuvuka ukuta

Viwanda vya kemikali hapa Changamwe, Mombasa, havikosi orodha ndefu ya hatari zinazosubiri kupitiwa, na wataalamu wa kuzipitia ni wachache. Ipi itangulie? Wengi huanza na zinazoonekana: sakafu yenye utelezi, glavu zilizochanika. Hizo zirekebishwe leo leo, hazihitaji kikao. Kikao cha wahandisi na mafundi kiwekeeni lile ambalo likitokea mara moja tu litavuka ukuta wa kiwanda, hata kama halijawahi kutokea. Nje ya ukuta kuna nyumba za kupanga, mama wanaouza mahamri na watoto wanaotoka shule.

Mimi hutafuta kwanza kilichobadilishwa. Katika kiwanda kimoja nilikuta kipande cha mpira kimechukua nafasi ya bomba la kostiki, kemikali inayounguza ngozi, lililoliwa na kutu, maana upepo wa chumvi hausazi chuma. Kimekazwa kwa klipu mbili, moja tayari imeshika kutu. Nilipouliza, fundi akanijibu, "Ni ya muda tu, kaka." Hapakuwa na karatasi ya kuonyesha nani aliidhinisha, wala mpira ule unahimili joto kiasi gani. Siku hiyo hiyo ukapanda juu ya orodha yetu. Katika kiwanda cha kemikali cha Flixborough, Uingereza, mwaka 1974, tangi moja lilitoa ufa likaondolewa, yaliyobaki yakaunganishwa kwa bomba la muda ambalo mchoro wake ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Lilipoachia, gesi ikalipuka na watu 28 wakafa.

Kisha kagueni kinga zilizolala. Kule Bhopal, India, gesi ya sumu ilipovuja kiwandani na kuua maelfu mwaka 1984, mtambo wa kupoza tangi la gesi ulikuwa umezimwa, na mnara wa kuichoma gesi ikivuja haukuwa umeunganishwa.

Hapa pwani ongezeni suala la upepo. Mahali pa kukusanyikia panapofaa wakati wa kusi panaweza kuwa ndani kabisa ya wingu la gesi ya amonia iliyovuja kaskazi ikivuma. Lipitieni hilo kabla ya kila msimu kugeuka, msingoje ukaguzi wa kila mwaka unaotakiwa na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Na tafadhali, mwiteni opereta wa zamu ya usiku. Yeye ndiye anayejua valvu ipi haifunguki mpaka igongwe nyundo, na king'ora kipi kimezibwa kitambaa kwa sababu kinalia ovyo. Mpangieni kikao kabla ya zamu yake, si baada yake akiwa na usingizi, na saa hizo zilipwe.