SSRF kwenye huduma inayofungua Chrome kwa URL ya mteja: regeksi haitoshi, na proksi nayo ina tundu

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama inatosha kukagua URL ya mteja kwa regeksi (kiolezo cha kulinganisha maandishi) inayozuia localhost, 127.0.0.1 (mashine yenyewe) na 169.254.169.254 (anwani ya metadata ya wingu, inayotoa taarifa na siri za mashine) kabla Puppeteer, maktaba ya kuendesha Chrome, haijafungua ukurasa na kuupiga picha. Haitoshi, hata regeksi iandikwe kwa ustadi gani. Inakagua ombi moja tu, ilhali Chrome ikishafungua ukurasa hutuma makumi ya maombi: picha, iframe, fetch, WebSocket, na kila 302 (redirect, yaani elekezo la kwenda URL nyingine) inayorudishwa na seva ya mtu mwingine. Mshambuliaji anakupa URL safi, inapita mlangoni, kisha ukurasa wenyewe unaituma Chrome ndani ya mtandao wako ikamchukulie kitu ambacho yeye akiwa nje hawezi kukifikia. Hiyo ndiyo SSRF (server-side request forgery).

Kuna wanaojipa moyo kwamba kanuni ya same-origin (ukurasa wa tovuti moja usisome majibu ya tovuti nyingine) itazuia majibu yasisomwe. Inaizuia JavaScript, kweli. Lakini huduma yako inapiga picha, na picha haijali kanuni hiyo: iframe ya http://10.0.0.5/ ikishachorwa, imo ndani ya PNG unayomrudishia mteja. Na kama huo ukurasa wa ndani una X-Frame-Options (kichwa kinachokataza kuwekwa ndani ya iframe), meta refresh, yaani tagi ya HTML inayohamisha ukurasa, italipeleka dirisha zima huko.

Regeksi yenyewe hukwepwa kirahisi. http://2852039166/ ni 169.254.169.254 iliyoandikwa kama namba moja, na http://127.1/ ni 127.0.0.1, Chrome inazielewa zote. Ukipitisha kwanza kwenye new URL() hizo zinanyooka, lakini bado kuna jina la kawaida kabisa ambalo rekodi yake ya A (IP yake kwenye DNS) inaelekeza 10.x, yaani mtandao wa ndani. Ukiamua kuuliza DNS mwenyewe kabla, Chrome itauliza tena kwa wakati wake na inaweza kupewa jibu tofauti. Hapo ndipo DNS rebinding inapoingia, na hakuna ukaguzi wa mlangoni unaoziba pengo hilo.

Kunasa maombi ndani ya kivinjari kunasaidia kiasi. Kwenye Playwright (maktaba nyingine kama Puppeteer), kumbuka handler ya page.route, yaani kitendaji chako kinachonasa maombi, huitwa kwa URL ya kwanza tu jibu likiwa ni redirect, kwa hiyo 302 ya kwenda ndani inapita bila handler yako kuiona. Maombi yanayoshikwa na service worker (script ya tovuti inayokaa nyuma na kujibu maombi) nayo hayaonekani mpaka uweke serviceWorkers: 'block', na WebSocket zina routeWebSocket yake kuanzia toleo la 1.48. Puppeteer ni afadhali kidogo: tukio la request hujirudia kwa kila hatua ya redirect. Mimi ningeiacha safu hii kwa ajili ya logi, nisiitegemee kama ulinzi.

Ulinzi wenyewe uwe kwenye mtandao. Weka proksi ya kutokea inayotafuta jina yenyewe, inakagua IP iliyopata, kisha inaunganisha kwa IP hiyohiyo. Smokescreen ya Stripe hufanya hivyo, na poti yake ya kawaida ni 4750. Ongeza kwa --deny-range masafa unayotaka yafungwe: 100.64.0.0/10, maana metadata ya Alibaba iko 100.100.100.200, na 168.63.129.16 ya Azure, ambayo inaonekana kama IP ya umma, hivyo kichujio cha masafa ya ndani peke yake hakiigusi.

Sasa tundu lenyewe. Ukiipa Chrome --proxy-server peke yake, haipitishi kila kitu kwenye proksi. Kwa asili yake inaruka proksi kwa localhost, 127.0.0.0/8, [::1], fe80::/10 na 169.254.0.0/16. Yaani anwani ya metadata, ambayo ndiyo shabaha ya kwanza ya mshambuliaji, inaendewa moja kwa moja! Lazima uongeze:

--proxy-server=http://127.0.0.1:4750
--proxy-bypass-list=<-loopback>

Ukiziandika kwenye shell, weka alama za nukuu, la sivyo alama ya < itasomwa kama faili la kuingiza.

Kisha usiiamini Chrome kutii. Iendeshe kwa mtumiaji wake, tofauti na wa proksi, na umfungie mtumiaji huyo kila njia isipokuwa proksi kwa iptables, ukuta wa moto wa Linux:

iptables -A OUTPUT -m owner --uid-owner kivinjari -p tcp -d 127.0.0.1 --dport 4750 -j ACCEPT
iptables -A OUTPUT -m owner --uid-owner kivinjari -j REJECT

Kwa ip6tables weka hiyo REJECT pia. Wengi husahau, na AWS ina metadata kwenye fd00:ec2::254. Baada ya hapo Puppeteer inaweza kugoma kuunganika, kwa sababu majibu ya Chrome kwenye poti ya DevTools, ambayo Puppeteer huitumia kuiongoza Chrome, nayo yanakataliwa. Usifungue poti, weka pipe: true ili wawasiliane kwa pipe badala ya mtandao. Kwenye Docker sheria hizi za hosti hazishiki trafiki ya kontena. Iweke Chrome kwenye mtandao ulioundwa kwa docker network create --internal, na kontena ya proksi pekee iwe kwenye mitandao miwili.

Kwa AWS, lazimisha IMDSv2 (toleo la metadata linalodai tokeni) kwa --http-tokens required na hop limit 1 (jibu lisivuke zaidi ya hatua moja ya mtandao). Usiishie hapo: tokeni hupatikana kwa PUT, ambayo ukurasa wa nje hauruhusiwi kuituma huko, ila DNS rebinding ikifaulu, kivinjari kinaona ni origin ileile na PUT inapita. Kwa hiyo role ya mashine hiyo (utambulisho wa AWS unaobeba ruhusa zake) isiwe na ruhusa yoyote ya maana.

Kama unatengeneza PDF, usihifadhi HTML ya mteja kwenye /tmp na kuifungua kwa file://, maana iframe ya file:///etc/passwd itachorwa. Tumia setContent, inayoipa Chrome HTML moja kwa moja bila faili.

Kupima: washa python3 -m http.server 8099 --bind 127.0.0.1 kwenye mashine ya Chrome. Kwenye seva yako ya nje weka kurasa nne: 302, iframe, meta refresh na fetch yenye mode: 'no-cors', zote zikielekea http://127.0.0.1:8099/, kisha rudia kwa http://169.254.169.254/. Usiangalie picha tu. Angalia logi ya Python na ya proksi, kwa sababu ombi linaweza kufika na picha ikabaki tupu.