Kazi ninayo, mzuka sina

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 29, na huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa mchambuzi wa biashara katika benki moja hapa Dar es Salaam, upande wa mikopo midogo. Kazi yangu ni kukaa na wakubwa wa mikopo, kusikiliza wanataka mfumo ufanye nini, kuyaandika, kisha kuwakabidhi watengeneza programu. Mshahara si haba, namshukuru Mungu. Tatizo ni kwamba sisikii chochote. Naandika waraka wa kurasa tisini, mkuu wa idara anausaini bila kuufungua, wiki mbili baadaye wamebadili mawazo. Mama yangu yuko Songea. Akiniuliza nafanya kazi gani namjibu "ya kompyuta", basi ananiomba nimtengenezee simu. Wenzangu wanasema nifanye mtihani wa CBAP, cheti cha wachambuzi wa biashara, eti utanirudishia ari. Mwenyewe nawaza kuacha nikafuge kuku wa mayai Chanika. Unanishauri nini?
Mchambuzi Asiye na Mzuka, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu.

Nianze na mtihani, maana hilo halina maneno mengi. CBAP hutolewa na IIBA, taasisi ya kimataifa ya wachambuzi wa biashara iliyoanzishwa Canada mwaka 2003, na ili wakukubalie wanataka uwe na saa 7,500 za kazi ya uchambuzi ndani ya miaka 10 iliyopita. Kwa muda uliofanya kazi, huenda bado hujafika. Siku ukifika, ukafanye. Cheti kitakusaidia kwenye usaili, hasa ukitaka kuhamia kampuni za ushauri au kwenda nje ya nchi. Mzuka hakileti. Nawafahamu wenye cheti hicho ambao kwenye vikao wanapiga miayo kukushinda wewe.

Sasa barua yako yenyewe. Mkuu wa idara yumo, watengeneza programu wamo, mama yumo, hata kuku wamo. Mkopaji hayumo. Afisa mikopo wa tawini, yule anayeshinda na pikipiki juani akifuatilia marejesho, naye hayumo. Umeandika mifumo ya mikopo midogo miaka yote hiyo na huna mkopaji hata mmoja wa kunisimulia. Hapo ndipo ninapoona tatizo, kuliko kwenye moyo wako.

Niliwahi kutumwa hospitali moja ya mkoani kukusanya mahitaji ya toleo jipya la mfumo wa kusajili wagonjwa. Ofisini walinipa orodha nzuri tu, imepigwa chapa: ripoti ya kila wiki, nembo iwe na rangi sahihi, nywila ibadilishwe kila mwezi. Nikaomba nikae asubuhi moja mapokezi, nyuma ya karani. Dada mwepesi wa mikono, kaunta buku iko pembeni ya kibodi. Akaja bibi mmoja na mjukuu wake.

"Bibi, umezaliwa lini?"

"Mwanangu, mie nimezaliwa mwaka wa ile mvua kubwa, kabla ya uhuru."

Mfumo haukuwa na mahali pa kuandika mvua kubwa. Ulitaka siku, mwezi na mwaka, la sivyo hauendi ukurasa wa pili. Karani hakusita: 01/01/1950, enta. Akafuata mzee mwenye fimbo: 01/01/1950. Wakamleta kijana wa bodaboda, ajali, hajitambui na hana kitambulisho: 01/01/1950. Umri wa kukisia alikuwa anauandika kwenye kaunta buku, na daktari akiutaka anatuma mtu kuja kuuliza dirishani. Nikamuuliza kama wakubwa wanalijua hilo. Akacheka. "Dada, nani aje huku kuniuliza mimi?"

Nikaandika sentensi mbili: mfumo ukubali umri wa kukadiria, na uonyeshe wazi kwamba umekadiriwa. Watengeneza programu hawakuona ugumu wowote. Mambo ya nembo na nywila nayo niliyaandika, ndiyo kazi, ila sikumbuki hata yalijaza kurasa ngapi. Sentensi zile mbili ukiniamsha usiku nitakusomea.

Usidhani ni mambo ya mapokezi tu. M-Pesa wengi tunajua ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007. Wachache wanakumbuka kwamba majaribio yake, yaliyoanza Oktoba 2005 Nairobi na Thika, yalikuwa ya mikopo midogo, kitengo chako hasa. Nia ilikuwa wakopaji wa Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, warejeshe mikopo kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, walioisimamia kazi ile, waliandika baadaye waliyoyaona. Wakopaji walikuwa wanafanya mambo ambayo hayakuwa kwenye mpango. Mtu anaweka fedha kwa wakala, anasafiri mikono mitupu, akifika anatoa. Mwingine anaziacha humo usiku ziwe salama. Mwingine anamlipia mwenzake marejesho ili naye amfanyie jambo. Kule Faulu nako, kulinganisha malipo ya simu na vitabu vyao kukawa kazi nzito kuliko ilivyotarajiwa. Huduma ilipotangazwa kwa umma, marejesho ya mikopo yalikuwa yamesogezwa pembeni na kutuma fedha nyumbani ndiko kulikobebwa mbele. Kilichobadili mambo ni watu kukaa kuangalia wateja wanafanyaje, wakati waraka wa awali ulikuwa unasema lingine.

Kwa hiyo omba kwenda tawini. Bosi wako usimwambie unatafuta mzuka, atakuona mgonjwa. Mwambie unataka kupunguza maombi ya mabadiliko yanayoingia baada ya mfumo kukamilika. Hayo yanakula bajeti, atakuelewa mara moja. Nenda siku ya marejesho, panda pikipiki na afisa mikopo, kaa kwenye kikundi hadi mwisho wa kikao. Macho yako yatafute vitu vilivyo nje ya mfumo: daftari pembeni ya kompyuta, karatasi iliyobandikwa kwenye skrini, Excel ya mtu binafsi, kundi la WhatsApp ambako ndiko kazi yenyewe inafanyikia. Kila ukiona kimoja, uliza kilianzaje. Na siku mfumo unapowashwa tawini, uwepo. Wachambuzi wengi wakishakabidhi waraka hutoweka, halafu wanashangaa kazi haina ladha.

Kurasa tisini zipunguze, bwana. Mkuu wa idara hafungui kwa sababu yeye pia ni binadamu. Mchoree safari ya mkopo mmoja kwenye karatasi moja, tangu mama ntilie anapojaza fomu hadi fedha zinapoingia, ukae naye nusu saa. Mwonyeshe na skrini zilizochorwa kwa penseli kabla hujaandika chochote. Wanabadili mawazo baada ya wiki mbili kwa sababu hapo ndipo wanapoona kwa mara ya kwanza walichokiomba.

Halafu kuna mama. Usimtengenezee simu tu ukaishia hapo. Sijui kama yumo kwenye kikoba, lakini akina mama wengi wa umri wake wamo. Muulize kwa nini anakopa huko na si benki, anamwamini nani, na mwenzao akishindwa kurejesha wanafanyaje. Mwache aongee, usimkatize na maneno ya ofisini. Saa moja ya simu hiyo itakupa ambayo wakubwa wako wa mikopo hawajawahi kukueleza, na yeye atajua mwanawe anafanya kazi gani.

Inawezekana ukafanya yote haya na bado usisikie kitu. Si dhambi. Mimi si katika wale wanaohubiri kwamba kila mtu lazima aipende ajira yake. Mshahara unaosomesha wadogo zako ni sababu ya kutosha, na mapenzi yako ukayapeleka kwaya au kwenye mpira. Ila usiamue hivyo ukiwa hujawahi kutoka ghorofani.

Kuhusu kuku, sikukatazi. Ila wewe ni mchambuzi: ifanyie Chanika kazi ile ile unayoifanyia benki. Nani atanunua mayai, kwa bei gani msimu yanaposhuka, chakula kikipanda nani anabeba hasara, kideri kikiingia bandani chanjo iko wapi, na nani atalala huko usiku. Nenda ukae siku nzima kwenye banda la mtu anayefuga kweli, ikiwezekana na mmoja aliyeacha. Ukishayaandika nitumie niyasome, ila yasizidi kurasa tatu.