Ukitunga muziki wa gemu, anza na wimbo mmoja

Jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, alizunguka dakika 20 ndani ya gemu letu akitafuta kisima. Kilikuwa nyuma ya mbuyu, pembeni kidogo tu, lakini hakukiona. Muziki niliouweka pale ulikuwa wa sekunde 40, ukiisha unaanza upya, kwa hiyo aliusikia mara 30. Nilikuwa nimekaa naye kochi moja. Akachomoa hedifoni sikio moja, baadaye la pili, akaziweka mezani na kuendelea kutafuta. Kipande kile kilinichukua wiki tatu.

Ninakuandikia wewe unayetengeneza biti chumbani na umeombwa muziki wa gemu kwa mara ya kwanza. Kwenye filamu mtunzi anajua mlango utafunguliwa dakika ya ngapi. Kwenye gemu saa anayo mchezaji. Anaweza kupita mbio, anaweza kukaa palepale mpaka usiku, na muziki wako lazima uvumilie yote mawili.

Gemu letu linamfuata kijana mchungaji wa Bahi anayetafuta maji kiangazi. Mwenzangu anaandika programu, mimi natunga. Mwanzoni nilitunga vipande 11, kila eneo na chake, na nilivipenda vyote. Nikawaomba waliolijaribu wanipigie mluzi wa chochote wanachokikumbuka. Walinitazama tu.

Nikavifuta. Nikaanza na mama wa kijana, yuko uani anasaga uwele huku akiimba mahadhi ya sauti tano. Mchezaji hana kazi pale zaidi ya kufungua zizi, kwa hiyo anayasikia vizuri. Akiwa porini mahadhi yaleyale yanarudi kwa ilimba peke yake, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, polepole, sauti ya mwisho haipo. Akienda mbali zaidi zinabaki tatu. Kwenye korongo kavu hakuna muziki kabisa, ni upepo na kengele ya ng'ombe mmoja aliyebaki. Sauti ya tano inarudi maji yanapoonekana. Hakuna maandishi yoyote kwenye kioo yanayosema kijana anakumbuka nyumbani, na bado watu wawili waliniuliza kama mama yake yuko hai.

Usione sauti tano ni chache. Space Invaders, gemu la Kijapani la 1978, lina noti nne tu za besi zinazojirudia, na zinaongeza kasi kadiri maadui wanavyopungua na kukaribia. Moyo wa mchezaji unakwenda nazo.

Upande wa ufundi, angalia faili zako. MP3 huongeza ukimya mdogo kwenye ncha, na muziki ukizunguka unasikika kama umekwama, tumia OGG. Ukitaka muziki ubadilike bila kukatika, rekodi ilimba, zeze na ngoma ya muheme kila kimoja peke yake, kwa kasi moja na urefu mmoja. Vyote vianze pamoja, kisha programu ipandishe au ishushe sauti ya kila kimoja kulingana na kinachotokea.

Zeze ndilo lililonifundisha zaidi. Nilimrekodi mzee mmoja Chamwino, nikarudi nyumbani nikanyoosha kila sauti kwa kompyuta ilingane na kibodi. Nilipompelekea, alisikiliza hadi mwisho, akanirudishia simu. "Mwanangu, hili si zeze langu." Alikuwa sahihi. Ala za Wagogo hazigawi sauti kwa hatua 12 zilizo sawa. Kuna sauti inayoangukia kati ya vibonye viwili vya kibodi, na utamu umekaa humo. Nikairudisha rekodi yake kama ilivyokuwa, nikabadilisha kibodi imfuate yeye. Programu nyingi za muziki zinaruhusu hilo, ni kutafuta kwenye mipangilio. Na mpigaji mlipe, mwandikishane kabla ya kurekodi, hata kama gemu bado halijaingiza shilingi.

Huwa naulizwa nani nje ya Dodoma ataielewa ilimba. Mwaka 2005 gemu la Civilization IV lilitoka na Baba Yetu, Sala ya Bwana kwa Kiswahili, muziki wa Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Wengi walioupenda hawakujua Kiswahili. Lugha yetu ilifika huko kabla ya sisi watunzi wa huku, na jambo hilo linaniuma na kunipa nguvu kwa wakati mmoja.

Kwetu kimebaki kipande cha mwisho, mvua ya kwanza juu ya tembe. Rekodi za mvua nilizozipata mtandaoni ni za bati. Paa la tembe ni udongo, tone likitua linatoa kishindo kizito, kifupi, kisha linanywewa. Bibi yake mwenzangu bado anayo tembe moja huko Bahi. Kinasa sauti nimekichaji, nasubiri Desemba.