Pasha kashe moto kabla watu hawajaingia kwenye mfumo

Kama kila databesi ikizimwa na kuwashwa watu wanalalamika mfumo mzito, halafu baadaye unakaa sawa wenyewe bila mtu kugusa kitu, basi usikimbilie kununua seva kubwa. Mara nyingi ni kashe tu imepoa, yaani ile sehemu ya RAM ambako databesi inaweka data inayotumika sana iko tupu. Databesi ikizimwa vyote vilivyokuwa kwenye kashe yake vinapotea, kwa hiyo kweri (ombi la data) ya kwanza mara nyingi inaenda mpaka kwenye diski, ya pili inakuta data iko tayari ndo maana inaruka.

Ila hakikisha kwanza jamani. Kwenye PostgreSQL endesha hiyo kweri mara mbili mfululizo kwa EXPLAIN yenye ANALYZE na BUFFERS, kisha angalia mstari wa Buffers: "hit" ni data iliyokutwa kwenye kashe, "read" ni iliyobidi isomwe kutoka nje ya kashe. Ripoti moja niliyokuwa naihangaikia ilionyesha "read" kibao na "hit" chache, nikairudia "read" ikapotea kabisa zote zikawa "hit", hapo hakuna tena ubishi. Mara ya pili nayo ikijivuta basi shida ni nyingine, labda indeksi (orodha inayosaidia databesi kupata data haraka) haipo, na kupasha kashe hakutakusaidia kitu.

Kwa kupasha mimi natumia pg_prewarm, kiongezi cha PostgreSQL kinachoingiza data kwenye kashe, ipo tangu toleo la 9.4, unaiwasha kwa CREATE EXTENSION halafu unaipa jina la tebo. Wengi wanapasha tebo wanasahau indeksi! Kila indeksi inaitwa kivyake, na mimi huanza na indeksi maana karibu kila kweri inapitia huko.

Na usipashe kila kitu. shared_buffers, yaani ukubwa wa kashe ya PostgreSQL, isipoguswa ni MB 128 tu, ukiingiza tebo ya GB kadhaa kurasa za mwisho zinazifukuza za mwanzo, umefanya kazi bure. Tebo kama ya oda, ambayo data mpya inaingia mwishoni na watu wanaulizia za wiki hii, pg_prewarm inakubali uipe bloku (kurasa hizo hizo) ya kuanzia na ya kuishia, kila bloku ni kB 8, kwa hiyo pasha ule mkia tu.

Kuanzia toleo la 11 kuna autoprewarm pia, na hii naipenda zaidi. Unaweka pg_prewarm kwenye shared_preload_libraries, yenyewe inaandika kila sekunde 300 bloku zipi zipo kwenye kashe, seva ikiwaka inazirudisha, yaani inafuata matumizi halisi ya watu, wewe hukisii. Wa MySQL, kuanzia 5.7 InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, inafanya kitu kama hicho inapozimwa bila kuambiwa, lakini inakumbuka asilimia 25 tu ya kurasa zilizotumika karibuni, ukitaka zaidi pandisha innodb_buffer_pool_dump_pct.

Baada ya hapo bado naendesha zile kweri nzito tano sita za ukurasa wa mbele kwa skripti, na load balansa (inayogawa watumiaji kwenye seva) hairuhusiwi kuleta mtu mpaka skripti imalize.