Kilomita kwa lita kwenye dashibodi ya lori: namba inatoka wapi, na uiamini kiasi gani

Namba inayosoma 2.4 au 2.6 kwenye dashibodi ya lori haitoki kwenye tangi. Pampu huvuta dizeli nyingi kuliko injini inavyohitaji, na inayobaki hurudi tangini kwa mpira wa ritani, kwa hiyo kupima bomba la kwenda peke yake kusingesaidia. Geji ya tangi nayo huyumba gari likishika mlima.

Kinachofanyika ni hesabu. Kompyuta ya injini ndiyo inayoamuru kila injekta (kifaa kinachopuliza dizeli ndani ya silinda) ifunguke kwa muda gani, na inajua presha ya dizeli iliyopo. Kutokana na hayo mawili inakadiria kiasi kilichopulizwa, ikapata lita kwa saa. Mwendo inausoma kwenye sensa ya gia boksi. Gawanya kilomita kwa saa kwa lita kwa saa, unapata kilomita kwa lita. Ndiyo maana gari likisimama injini ikiunguruma, malori mengi huonyesha lita kwa saa: hakuna kilomita za kugawanya. Injini kubwa hula kama lita 2 hadi 4 kwa saa hapo. Ukiiacha saa 6 kwenye foleni ya mpaka wa Tunduma kwa lita 3 kwa saa, lita 18 zimekwenda, na kwa lori linalokwenda kilomita 2.5 kwa lita hizo ni kilomita 45 za barabara.

Angalia namba ya papo hapo ukiteremka mlima. Ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye mafuta, kompyuta hufunga injekta kabisa, na kioo cha dashibodi huonyesha namba kubwa kupindukia au vistari. Ukitia nyutro, injini inabidi ipewe mafuta ili isizime. Kwa hiyo nyutro haiokoi dizeli kuliko gia kwenye mteremko, na inakunyima breki ya injini. Kwenye miteremko kama Kitonga (Tanzania) au Salgaa (Kenya), kosa hilo huua watu. Kwa upande wa pili, ukipanda na mzigo ukaona 0.8, usishtuke wala usikimbilie gia ya juu; injini itakosa nguvu na kuumia.

Sasa makosa. La kwanza ni tairi. Kompyuta inahesabu mizunguko, haioni barabara. Ukitoa tairi za saizi 315/80 R22.5 ukafunga za 295/80 R22.5, kipenyo kinapungua kwa karibu asilimia 3, mizunguko inaongezeka, na dashibodi inakuhesabia kilomita usizokwenda. Tairi zilizolika zinafanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo: milimita 12 za kashata (meno ya tairi) zikiisha, kipenyo kimepungua milimita 24, kama asilimia 2. La pili ni injekta zilizochoka, zinazovujisha ndani ya silinda zaidi ya kilichoamriwa. Kompyuta inaandika ilichoagiza, si kilichoingia.

Ili ujue dashibodi ya lori lako inadanganya kiasi gani, jaza tangi hadi shingoni, gari likiwa sehemu tambarare. Subiri povu lishuke, ongeza. Rudisha sifuri hesabu ya safari. Tembea angalau kilomita 1,000, kisha jaza tena kwenye pampu ileile, upande uleule, hadi kiwango kilekile. Ukijaza njiani, andika kila lita. Kilomita zihakiki kwa GPS, maana odomita ina kosa lilelile la tairi. Mfano: kilomita 1,200 kwa lita 526 ni 2.28. Kama dashibodi ilisema 2.40, gawanya 2.28 kwa 2.40, upate 0.95. Tangu hapo zidisha kila namba ya dashibodi kwa 0.95. Ukibadilisha tairi au injekta, pima upya.

Wasimamizi wengi hukosea wastani. Lori likienda na mzigo kwa 2 na kurudi tupu kwa 4, umbali uleule, wastani si 3. Kilomita 900 za kwenda zimekula lita 450, za kurudi 225. Kilomita 1,800 kwa lita 675 ni 2.67. Jumlisha lita, jumlisha kilomita, ndipo ugawanye. Na usimlinganishe dereva wa tangi la mafuta na wa mzigo mkavu: pampu ya kushushia inayoendeshwa na injini hula dizeli huku kilomita zikiwa zilezile.

Pengo lisilobadilika kati ya dashibodi na pampu ya kituo ni tabia ya gari. Likiruka ghafla, tuseme kutoka asilimia 5 hadi 12 kwa safari moja, huenda dizeli imetoka bila kupita kwenye injekta, au haikuingia tangini kama risiti inavyosema. Kabla ya kumnyooshea dereva kidole kuwa amenyonya mafuta, pangusa mipira ya ritani, filta, plagi ya chini ya tangi na viungo vyote, washa injini nusu saa, kisha pitisha karatasi kavu uone kama kuna panapovuja. Baada ya hapo jaza mara moja kwenye kituo kingine ulinganishe.